Umeruka Mstari

Shangazi alipewa mpaka Jumapili jioni awe ameondoka nyumbani, na aliyempa muda huo ni mimi, niliyekulia mgongoni mwake. Nalisema mapema ili asije mtu akanisemea.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Sokoni hawaniiti jina, wananiita Mizani, na mke wangu akikasirika naye huniita hivyo hivyo. Springi nazijua, sahani nazijua, na muuza nyama anayebandika sumaku chini ya sahani akidhani mimi ni mjinga namjua vizuri sana. Mambo ya roho ndiyo sikuyajua. Nilikuwa Mkristo wa benchi la nyuma, wa kuimba pale ninapoyakumbuka maneno na kuchezesha midomo nisipoyakumbuka.

Kisha mimba ya tatu ya mke wangu ikaharibika. Ya kwanza tulisema bahati mbaya. Ya pili tukasema ni mapenzi ya Mungu. Ya tatu hatukusema kitu. Daktari alituambia haoni tatizo lolote, na kwa mwanamke aliyepoteza mara tatu hakuna jibu linalouma kama hilo. Mke wangu akaanza kwenda kwenye maombi ya Alhamisi alasiri kwa mama mmoja waliyemwita Mama Maono, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la rangi, viti vya plastiki na pazia la kijani. Huko, alisema, Roho anazungumza waziwazi, si kama kwetu ambako mchungaji anasoma matangazo nusu saa.

Mimi nilikwenda mara moja. Nilivaa shati la kanisani, nikakaa karibu na mlango nipate pa kutokea. Nilikuwa na shida yangu: tangu mama yangu afariki, miaka miwili, tulikuwa tukitafuta hati ya nyumba bila kuiona. Mke wangu akaninong'oneza, "Uliza." Mama Maono akafumba macho, kisha akafungua mdomo na ikatoka sauti ya mama yangu. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yake.

"Mkia wangu," ikasema, "mbona umekonda?"

Mama aliniita Mkia kwa sababu nilimfuata kila alikokwenda, hadi chooni. Kwa walio hai, jina hilo tulilijua mimi na Shangazi tu. Hata mke wangu sikuwahi kumwambia, kwa aibu. Nikauliza ilipo hati. Sauti ikajibu kwamba iko kwenye cherehani, si ndani ya droo, ila chini yake. Nilirudi nyumbani mbio, nikaipindua cherehani, nikaikuta imegandishwa kwa utepe kwenye tako la droo. Nililia kama mtoto. Na nilifurahi pia, sitadanganya. Nilijiona nimempata mama tena.

Alhamisi iliyofuata mke wangu alirudi uso wake umebadilika. Akaniketisha kitandani. Sauti ile ile ilikuwa imesema kwamba anayemfunga tumbo ni mwanamke mzee alalaye chumba cha nyuma, na kwamba asipotoka kabla ya wiki kwisha, tumbo lile halitabeba tena.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mtu mmoja tu. Shangazi, dada wa baba yangu, alinilea mama alipokuwa kazini na baba alipokuwa kaburini. Sikio lake moja limekufa. Kikombe chake hakina mkono na hataki kubadilishiwa. Hajui kusoma hata herufi moja, lakini utotoni mwangu kila siku nilimsomea Biblia yake, na ole wangu niruke mstari ili niwahi mpira. "Umeruka," angesema, macho yake kwenye sindano. "Rudi." Sijui aliwezaje. Alikuwa amekihifadhi kile kitabu vizuri zaidi kwa sikio moja kuliko mimi kwa macho mawili.

"Usinitazame hivyo," alisema mke wangu. "Shangazi nampenda. Lakini nampenda na mtoto ambaye sijamwona."

"Una uhakika kweli?"

"Hati ilikuwa wapi?"

"Chini ya droo."

"Basi."

Akaongeza kwamba watu watatu wa maombi, Mama Maono akianza, wameota ndoto moja, kila mtu kitandani kwake: mwanamke mzee ameshika kamba yenye mafundo matatu. Watu watatu! Nilikuwa kama mtu aliyezungushwa kitambaa machoni na kuambiwa aonyeshe mlango.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta juu ya ngazi akiziba paa la ofisi yake, misumari mdomoni. Alinisikiliza kwa huruma, sina la kumlaumu, akatema misumari mkononi akasema, "Omba, ndugu yangu. Kisha usikilize amani ya moyo. Penye amani ndipo penye Mungu."

Nikausikiliza moyo. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa na amani tele ya kumtoa Shangazi. Nilipokwisha kula nikawa na amani ya kumwacha akae. Nikapita karibu na chumba cha nyuma, nikamsikia akikohoa, amani zote mbili zikanitoka. Nikagundua kwamba amani yangu inafuata tumbo, na nikazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe nikamwogopa mke wangu kuliko nilivyomwogopa Mungu, nikaingia kumwambia.

Alikuwa anashona kifungo cha shati langu la kanisani. Akanigeuzia sikio zima. Nikaanza kwa kuulizia kikohozi, nikapitia hali ya hewa, nikalisifu lile shati, mpaka akasema, "Sema, mwanangu, nina uzi mdomoni." Nikasema. Akaukata uzi kwa meno.

"Nani amesema?"

"Roho, Shangazi. Kwa sauti ya mama."

"Mama yako alikufa. Mimi ndiye niliyemvisha."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na Mungu amesemaje?"

Sikuelewa swali. Nilidhani hilo ndilo nililotoka kulijibu.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Wewe unajua. Nisomee panaposema niondoke, nami nitaondoka hata kabla ya chai. Sitaki ugomvi na Mungu uzeeni." Akanirudishia shati. "Umenipa mpaka Jumapili. Basi na wewe una mpaka Jumapili."

Jumamosi nikaenda kibandani kwangu na Biblia yake chini ya kwapa. Nikavisogeza vyuma mezani nikaanza kutafuta. Nilikuwa nautaka mstari wa kumtoa, nikiri hilo. Nikaupata upesi, ule wa sheria ya zamani unaosema mwanamke mchawi asiachwe hai. Nikafunua mbele nikakuta asiyewatunza watu wa nyumbani mwake amekuwa mbaya kuliko asiyeamini. Nikarudi nyuma nikakuta kwamba jambo lisithibitishwe kwa shahidi mmoja, bali wawili au watatu. Nikasema, haya, waotaji ni watatu. Kisha nikajiuliza: aliyeota ameona nini, ila ndoto yake? Kichwa kikaniuma. Nikakiinua nipumzishe macho, nikaliona mlangoni jiwe langu la kupimia, la kilo moja.

Jiwe hilo ndilo aibu ya maisha yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mawe mapya ya shaba, yamepimwa na kupigwa mhuri na ofisi ya vipimo, nayashika kwa kitambaa ili jasho lisiyaguse. Nikapita sokoni kukagua mizani za mtaa mmoja. Mizani ya kwanza ikasema jiwe langu limezidi kilo. Ya pili ikasema hivyo hivyo. Zote saba zikasema hivyo, kwa kiasi kile kile! Nami, msomi, nikaona mizani saba haziwezi kukosea pamoja, nikachukua tupa, nikalipunguza jiwe kidogo kidogo mpaka mizani zote zikaridhika. Mwisho wa mwaka nilipolipeleka ofisini, afisa alilitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Mizani zote saba zilikuwa zimetengenezwa na fundi mmoja wa mtaa ule. Jiwe likakataliwa, na tangu siku hiyo kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Nililitazama sana, ile alama ya tupa ubavuni. Waotaji watatu walikuwa wanatoka chumba kimoja, juu ya duka moja, na wawili walisimuliwa ndoto kabla hawajaiota, kwa maana mke wangu mwenyewe alikuwa ameniambia Mama Maono ndiye aliyeanza. Na mimi nilikuwa nafanya nini na Biblia ya Shangazi? Nilikuwa na tupa mkononi. Natafuta pa kukwangua mpaka Neno lilingane na sauti.

Nikaanza upya, safari hii bila kutafuta kitu. Nikafika pale panaposema kwamba nabii anaweza kutoa ishara, na ishara ikatimia kweli, na bado asisikilizwe kama anakuvuta kwingine. Nilisoma mara nne. Yaani hati inaweza kuwa chini ya droo kabisa, na sauti ikawa si ya kufuatwa. Hapo ndipo nilipoogopa. Laiti sauti ingekuwa ya uongo ningecheka, nikaenda zangu nyumbani. Ilikuwa imesema kweli, na ukweli wake haukutosha. Mizani inayopatia leo haiwi jiwe kwa kupatia, bado inapimwa. Kurasa chache mbele nikakuta orodha ya watu ambao Mungu hataki waonekane kati ya watu wake. Nikaisoma mpaka mwisho, nikafunga kitabu, nikafunga na kibanda.

Jumapili baada ya ibada nilikuta furushi la Shangazi limefungwa mlangoni, na kikombe chake kimewekwa juu. Mke wangu alisimama pembeni amekumbatia mikono, macho mekundu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amevaa viatu.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata, Shangazi."

"Soma."

Nikafungua. Nikasoma ile orodha: anayetazama bao, anayebashiri, anayeloga kwa mafundo, anayepandisha pepo, na mchawi. Nilipolitaja hilo neno mke wangu aliinua uso akamtazama Shangazi, na Shangazi hakupepesa. Nikatia kidole kati ya kurasa nikafunga kitabu.

"Umeruka," akasema Shangazi.

Kidole changu kilikuwa bado kati ya kurasa.

"Baada ya mchawi yupo mmoja. Rudi."

Miaka thelathini, na bado hanisamehe mstari mmoja. Nikafungua tena, nikasoma aliyebaki: na mtu anayewauliza wafu.

Jirani alikuwa anapiga zulia ukutani, pu, pu, pu, na mimi nikaona aibu kupanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Kwa miaka yote niliyomjua Shangazi sikuwahi kumwona na kamba wala fundo, isipokuwa fundo la uzi kwenye vifungo vyangu. Lakini mtu aliyewauliza wafu nilimjua. Alivaa shati la kanisani, akapanda ngazi za duka la rangi, akauliza ilipo hati, na alipojibiwa akalia kwa furaha.

"Ni mimi," nikasema. "Shangazi, anayetajwa hapa ni mimi."

"Na mimi," akasema mke wangu, kwa sauti ndogo sana. Kisha akaketi sakafuni, pale pale kando ya furushi, akalia. "Lakini alijua hati ilipo! Alikuita jina. Sasa yule ni nani?"

"Sijui."

"Na mtoto je?"

"Sijui, mke wangu. Hilo pia sijui."

Mpaka leo sijui nani aliniita Mkia katika chumba kile, na kuna siku naitamani ile sauti hadi nauma midomo. Nilijua jambo moja tu, kwamba nusura nimfukuze mama aliyebaki kwa kumtii aliyekufa.

Shangazi akautazama mzigo wake, akatutazama sisi.

"Mzigo nimeshaufunga," akasema. "Kwa hiyo kati yenu nani anaondoka?"

Mke wangu akacheka huku analia, kamasi na machozi pamoja, akambwagia kichwa magotini. Shangazi akaweka mkono juu ya kichwa hicho, mkono wake wa sindano, wala hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Mimi nilibaki nimesimama na kitabu, sijui niombe radhi kwanza au nifungue furushi kwanza.

"Endelea," akaniambia, akinigeuzia sikio zima. "Hapo haikuishia."

Nikavuta kigoda, nikatafuta mstari unaofuata, nikasoma.