Uso Chini ya Maua

Jumanne ile ya Februari, wenye bunduki walifika Salamabila saa nne asubuhi, wachimbaji wa dhahabu wakinywa chai. Jean-Marie muuza mikate walimkata shingoni akiwa bado ameshika kisu cha siagi. Wawili waliokimbilia shimoni walipigwa risasi za mgongo. Mchimbaji Alimasi walimtupia gunia la mchele lililopasuka, wakamwamuru abebe. Alimvua mkewe Mwamvita kilemba, kitenge chekundu chenye picha za taa, akafunga mpasuko. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na fundo lake lililala kinyume na mafundo ya watu wengine.

"Nitarudi nacho," alisema.

Mmoja wao akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Wakaingia naye msituni.

Kwa miezi sita watu wa nyumbani, Wamaza, hawakumruhusu Mwamvita kulia. Mama mkwe alimpaka hina, maana mke wa mtu aliye hai hakai kama mjane. Mwezi wa Agosti ndipo shemeji yake Hamadi alipokubali kumtoa Wamaza kwa pikipiki mpaka Kindu, wakaulize gerezani na hospitalini. Walipofika Kasongo mnyororo ukakatika. Fundi akasema utakuwa tayari saa tisa.

"Twende tutazame zile picha wanazosifu," Hamadi alisema. "Iko bure. Na ndani iko kivuli, kuliko kukaa hapa kunusa oili."

Katika depo la zamani la pamba, msanii kutoka Bukavu aitwaye Nadine alikuwa ameziba madirisha na kufunga projekta sita. Alikusanya video za simu za vita vya Kabambare, upande wa Salamabila, nyingine zilizopigwa na wapiganaji wenyewe, akazichanganya na michoro yake. Picha zilijaa kuta zote, dari na sakafu. Nyuso za watu alizifunika kwa maua ya mwanga.

"Ili marehemu wasitazamwe kama nyama ya sokoni," aliwaeleza mlangoni.

Taa zilizimwa, msitu ukawaka pande zote. Risasi zililia nyuma yao. Hamadi akajitupa chini, kisha akainuka akijipangusa magoti. Nyumba ziliungua, moto ukatambaa sakafuni hadi miguuni mwao. Mwanamke mmoja alitoka nje akitapika. Ndipo msururu wa wabebaji ukapita ukutani. Gunia la mbebaji wa nne lilikuwa limefungwa kitenge chekundu cha taa, na fundo lililala kinyume.

Mtu huyo aliteleza akaanguka. Mwenye panga hakumwambia neno. Alimkata begani, akamkata shingoni, akaongeza la tatu bila haja, kama mtu anayemalizia kuni. Damu ilienea sakafuni mpaka viatu vya Mwamvita. Alirudi nyuma, nayo ikamfuata. Mbebaji mwingine akatwishwa gunia, kitenge kikaenda nalo.

Baada ya dakika saba msitu ukawaka upya. Mtu yule akapita na gunia lake, akauawa tena.

"Si yeye, shemeji," Hamadi alinong'ona. "Vitenge hivyo viko tele sokoni."

"Na mafundo wanauza?"

Alipouawa mara ya tatu, Mwamvita alimfuata Nadine kwenye mashine yake.

"Mutoe maua kwa yule wa nne."

"Mama, niliyaweka kwa heshima."

"Naiona heshima yako. Lakini mimi wananiheshimu hivyo hivyo miezi sita. Toa."

Nadine alisimamisha picha, akafuta ua. Alimasi alikuwa akiwatazama, mdomo ungali umevimba pale kitako kilipopiga. Hamadi alipiga paji la uso ukutani, mara mbili, mpaka ngozi ikapasuka. Mwamvita aliuliza tarehe. Video ilipigwa Ijumaa, siku tatu baada ya shambulio.

Alasiri walikwenda msikiti wa karibu. Mwamvita alimuuliza shehe akae eda kuanzia siku gani. Shehe aliuliza tarehe, akahesabu kwa vidole.

"Eda huhesabiwa toka siku ya kifo, mwanangu, si toka siku ya habari. Miezi minne na siku kumi. Yako ilikwisha Juni."

Juni, siku zile zile za mwisho wa eda yake, Mwamvita alikuwa harusini Wamaza, hina mikononi, akipiga vigelegele na wenzake.

Fundi amekwisha kufunga mnyororo. Kesho asubuhi pikipiki inarudi Wamaza, haiendi Kindu.