Mateka wa Mtakatifu Antoni

Padre Leocadio alipoingia jikoni, Bi Eduviges alikuwa anageuza arepa, vile vimkate vya unga wa mahindi, kwenye kikaango, na hakumkaribisha kiti. Alijua kilichomleta. Mji mzima ulishajua kwamba ameinyang'anya sanamu yake ya Mtakatifu Antoni yule Mtoto Yesu anayebebwa mkononi, akamfungia kwenye kopo la mchele mpaka binti yake apate mume.

"Mama, unamtisha Mungu?" Padre aliuliza.

"Simtishi, namkumbusha. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo, ndipo akampata babu."

"Mungu anajua unachotaka hata kabla hujaomba."

"Basi ananichelewesha makusudi, na hapo ndipo tunapogombana." Akageuza arepa nyingine. "Yakobo alimkaba malaika usiku kucha, akamwambia sikuachii mpaka unibariki. Alibarikiwa, hakubarikiwa? Na yule mjane aliyemsumbua hakimu mpaka akachoka, habari zake alizisimulia nani, mimi?"

Padre akakuna kidevu. Eduviges akajiandaa kwa mahubiri, maana padre hakosi mahubiri. Badala yake mgeni wake akachungulia dirishani, akasukuma mlango ukafungika, akatia mkono mfukoni mwa kanzu na kumtoa Mtoto mwingine, mkubwa kidogo, rangi imembanduka puani. Eduviges alimtambua papo hapo. Huyu alikuwa wa kanisani.

"Paa linavuja tangu Pasaka," Padre alinong'ona. "Kwenye kopo lako kuna nafasi?"