Banda la Gibson

Mgeni alitokea upande wa juu, ambako hakuna njia, akishuka kwa kushikilia mashina ya migomba, viatu vyake vya mjini vimelemewa na matope. Mimi na Mama tulikuwa tukichuma chai. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Ule msingi kule juu ni wa nani?"

Alikuwa afisa wa ujenzi wa kaunti. Kule mlima unakosimama wima, kanuni iliruhusu banda la mifugo tu, tena dogo. Nyumba ya kulala watu, hapana.

Msingi ulikuwa wa kaka yangu Gibson, aliyepanga chumba Nakuru. Mwanawe angetahiriwa Desemba, na kwetu mvulana huuguza kidonda cha jando katika nyumba ya baba yake, kwenye ardhi ya babu yake. Shamba letu nalo ni ukanda mwembamba: chini chemchemi, katikati chai na nyumba ya Mama, ambamo mwana aliyeoa haruhusiwi kulala. Palibaki huko juu tu.

"Ni banda la ng'ombe," Mama alijibu, vidole vikiendelea kuchuma.

"Ng'ombe wa vyumba vinne, mama?"

"Ni wa gredi, wale wa kizungu, mwanangu. Hawapendi kubanana."

Afisa alicheka, kisha akanigeukia. "Dada, ukisema banda, mimi naenda zangu. Ni banda?"

Mama alininong'oneza kwa Ekegusii: "Chuo chote hicho, na hata ng'ombe humwoni?"

Masika yaliyotangulia, udongo uliporomoka kutoka mlima uleule ukafunika jiko la jirani yetu Orpah, mumewe akiwa ndani. Tuliufukua mwili wake kwa majembe. Nilimshika Orpah mkono nikamwahidi, kwa imani yangu yote ya mwanachuo, kwamba hakuna atakayechimba wala kujenga tena mlimani juu ya nyumba yake. Sijui kama alinisikia. Hajawahi kunikumbusha.

Desemba ile mtoto alitahiriwa Magwagwa, kwa wajomba zake, kama yatima. Sikualikwa. Hadi leo nikimpigia Gibson, simu hupokewa na mkewe. Nikienda nyumbani Mama hunipakulia chakula, kisha hutoka nje. Nimechoka kujieleza.

Lakini siku ile afisa alikuwa bado anangoja. Bondeni, Orpah alikuwa akianika nafaka yake ya wimbi uani, ametupa mgongo. Alikuwa mbali mno, asingeweza kusikia.

"Ni nyumba," nikasema.