Alama ya Penseli Ubavuni mwa Prizimu

Darubini ya mirija miwili ilifika karakana yetu ya saa na lenzi Jumatatu asubuhi, ndani ya sanduku la ngozi lililochanika pembeni. Barua iliyoambatana nayo ilieleza kuwa ofisi ya misitu inasafisha ghala lake, na kwamba chombo hicho, kwa kuwa ni adimu, kikaguliwe kabla ya kuwekwa kwenye kabati la maonyesho. Nilisoma namba iliyochongwa kwenye shaba, nikaketi. Nilikuwa nikiijua tangu nina miaka tisa. Ndiyo iliyoandikwa katika barua ya kumfukuza baba kazi.

Baba alikuwa mlinzi wa mnara wa moto. Siku moja ya kiangazi, upeo wote ukiwa umefunikwa na vumbi, aliripoti nguzo mbili za moshi. Kikosi cha wazimamoto kikagawanywa. Nusu yake ikahangaika kwenye kilima kisicho na hata cheche, na msitu ukateketea. Kamati ikauliza kama darubini ilikuwa mbovu. Fundi aliyeisafisha siku iliyotangulia moto akaapa kuwa ni nzima. Basi mbovu akawa baba: mlevi, yeye ambaye hajawahi kuonja pombe. Tangu hapo mtaa unamwita Bwana Mbili. Hadi leo kinyozi humpokea kwa kelele: “Karibu, Bwana Mbili! Viti unaviona vingapi leo? Angalia usikalie kile ambacho hakipo!” Baba hucheka pamoja nao. Kicheko chake hicho ndicho kilichonipeleka kujifunza kazi hii.

Mzee aliyenifundisha, ambaye meza yake inatazamana na yangu, alikuwa akiniambia kila nilipouliza kwamba chombo kile kilisafishwa kwingine.

Niliielekeza darubini kwenye mlingoti wa simu ng'ambo ya barabara. Kwa jicho la kushoto, mlingoti ulikuwa mkali kama sindano. Kwa la kulia, vivyo hivyo. Nilipofungua macho yote mawili, milingoti ikawa miwili.

Niliifungua. Muundo wake ni wa werevu wa ajabu. Lenzi ya mbele huipindua taswira juu chini, na darubini nyingi huinyosha kwa prizimu mbili kila upande, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza mwanga. Hii ina tatu, ndogo, zilizogandishwa pamoja juu ya bamba la shaba, na darubini za aina hii zilitengenezwa chache kwa sababu hazisamehi uzembe. Bamba moja likiinama kwa unene wa karatasi tu, mrija wake huendelea kuona vizuri, lakini haukubaliani tena na mwenzake.

Chini ya bamba la kulia palikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa ili kuzuia mtikisiko. Ubavuni mwa prizimu, kwa penseli, palikuwa na tarehe: siku moja kabla ya moto. Na herufi mbili. Ile saba ya tarehe ilikuwa na mkia ninaoufahamu, kwa kuwa mwenye mkia huo ndiye aliyenifunza kwamba kila anayefungua chombo huandika tarehe na herufi zake. “Hata ukikosea, mwanangu, andika.”

“Mzee, njoo hapa.”

“Nina saa ya watu mkononi.”

“Iweke chini.”

Alikuja, lenzi ya kukuzia bado imebanwa jichoni. Alisoma, akaiondoa lenzi jichoni.

“Ni miaka mingi, binti yangu.”

“Usiniite binti yako! Ninaye baba, na jina lake ulimvua wewe.”

“Niliipima. Haki ya Mungu niliipima. Kushoto safi, kulia safi.”

“Jicho moja moja!”

“Mimi ni fundi saa. Tangu ujana nafanya kazi jicho moja limefumbwa. Haikunijia kabisa.”

“Ikakujia lini?”

Alitazama sakafu. “Kabla kamati haijamaliza. Nilikuwa na watoto wanne.”

“Na yeye alikuwa na mimi.”

Alisogeza kifutio mezani, taratibu, kama mtu anayemkaribisha mgeni chai. “Futa tu. Irekebishe, waiweke kabatini kwao.”

Nilichukua penseli. Chini ya tarehe yake nikaandika ya leo, na herufi zangu. Nikairudisha karatasi palepale ilipokuwa, nikaifunga darubini, nikamsukumia kifuani.

“Tazama ule mlingoti.”

Alifumba jicho moja.

“Yote mawili, Mzee! Unaona mingapi?”

Alilifumbua la pili.

“Miwili.”

“Vaa koti. Baba yuko kwa kinyozi. Utayasema hayo hukohuko, mbele ya wanaocheka.”

Aliyasema, na kinyozi akaizima mashine yake. Baba aliichukua darubini, akatazama nje ya mlango kwa macho yote mawili, kwa muda mrefu. Hakucheka. Alisimama, nusu ya kichwa imenyolewa, kitambaa cha kinyozi kingali shingoni, akaitundika darubini juu yake.

“Nywele zitasubiri,” alisema, akimshika Mzee mkono kwa nguvu. “Tunakwenda ofisi ya misitu. Wewe tangulia mbele.”