Mbuzi wa Akika

Alamin alikuwa na upara wa mapema na masomo yasiyokwisha. Mwaka wa nne huu alikuwa akitafiti fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosforasi yaliyomo kwenye ubongo wa mbuzi, na kila mgeni aliyekanyaga kwao Msambweni aliyasikia akitaka asitake. Ubongo ukiutoa maji, angesema, zaidi ya nusu yake ni mafuta matupu.

"Hata wako?" shangazi yake Mwanaima alimwuliza siku moja.

"Hata wangu, shangazi."

"Ndiyo maana."

Ulibaki ubongo mmoja tu amalize: mbichi, sehemu ya kijivu imetengwa na sehemu nyeupe, kwa kuwa mafuta ya sehemu hizo hayalingani na hilo ndilo alilotaka kulithibitisha. Bila huo, shahada ingengoja tena. Basi dada yake Warda alipomchinjia mwanawe mchanga mbuzi wa akika, sadaka ya kuzaliwa, nayo ndiyo siku ya mwisho ya maabara kupokea sampuli, Alamin aliona riziki imemfuata nyumbani. Akaomba kichwa, akapewa, akashika na shoka.

"Wendapi na shoka, mwanangu?" alisema shangazi. "Mbuzi wa akika havunjwi mifupa. Twamwombea mtoto uzima."

Miaka yote ya vitabu, na jambo alilolijua tangu utotoni lilikuwa limemtoka. Hata hivyo alijipenyeza nyuma ya jiko, akajiambia kwamba mfupa ni chokaa tu, na chokaa haijui mtoto wa nani. Akainua shoka. Ndani walikuwa wakitangaza jina la mtoto, na jina lenyewe likawa Alamin.

Mkono ukagoma. Mwanasayansi aliogopa, tena aliogopa kweli.

Akaweka shoka chini, akatwaa kijiko cha chai, akauchokora ubongo kupitia tundu la kisogoni. Mfupa haukupata hata mkwaruzo. Ubongo ulitoka uji, kijivu na nyeupe vimevurugana, na hapakuwa na mjuzi wa kuvitenga tena.

Warda alimkuta ameduwaa na bakuli lake. Alikuwa amempakata mtoto aliyetoka kunyolewa kichwa.

"Umepata, kaka?"

"Nimekosa. Nitarudia mwakani."

"Msomi mzima, kashindwa na kichwa cha mbuzi," shangazi alisema mlangoni.

Alamin alinawa, akampokea mtoto. Akakipapasa kile kichwa kidogo, kisha chake.

"Akili ni nywele, shangazi, kila mtu ana zake," alisema. "Sisi wa jina hili, leo hatuna hata unywele."