Tegemeo Lenye Jina Langu

"Uking'oa hilo, Phikun, utakufa. Baba alisema kwa mdomo wake, na mimi nilikuwepo."

"Baba alisema mengi. Alisema pia wewe utakuwa daktari."

Kaka yangu Inson anauza matairi Lampang mjini, kwa hiyo hilo lilimwingia. Lakini hakusogea. Alikuwa amesimama chini ya mti wetu wa sali, mikono ameitanua mbele ya gongo la panda lililoegemezwa kwenye tawi kubwa, kama kipa anayesubiri penalti. Nyuma yake, njiani, mkata miti Muen na wenzake walikaa juu ya gari lao wakibangua mbegu za alizeti, misumeno imelala. Hawakuwa na haraka. Ugomvi wa ndugu ni sinema ya bure.

"Sogea, Kaka."

"Sisogei."

"Una mvi kichwa kizima, halafu unalinda gongo."

"Mwache mwenzio, Mama Ploi," alidakia Bibi Khampaeng kutoka kwenye kibanda chake cha tambi, huku akikoroga mchuzi. "Ana uchungu wa baba yake."

"Bibi, wewe ndiye uliyekaa chini ya hilo tawi. Ungehamisha sufuria kwanza, ndipo uchangie."

"Nimekaa hapa tangu wewe unakimbia uchi. Tawi linanijua."

Vicheko vikatoka kwenye gari la Muen. Mimi sikucheka. Binti yangu Ploi husubiri gari la shule mahali pale pale, kila asubuhi, na watoto wa nusu ya kijiji.

Mti wa sali ni wa ukoo wa mkuyu, na Buddha alipata nuru akiwa amekaa chini ya mti wa aina hiyo. Kwa hiyo hakuna mtu kwetu anayeupiga shoka. Babu aliukuta umeshakuwa mzee, akanunua ardhi inayouzunguka, akajenga nyumba pembeni kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa. Kila mwaka mpya, joto la Aprili linapochemka, watu huchonga magongo ya panda, huyapaka manjano na chokaa, huja nayo kwa ngoma na kuyaegemeza chini ya matawi. Aliye mgonjwa, aliyezeeka, aliyeandamwa na mikosi, kila mmoja ana gongo lake. Kwa lugha yetu tunasema *kham*, yaani kutegemeza. Neno hilo hilo tunalitumia kwa nguzo inayoshika paa na kwa mtoto anayemlea mama yake. Ukitegemeza mti, mti nao unautegemeza uhai wako.

Gongo alilolilinda Inson lilikuwa langu. Nilikuwa darasa la pili nilipopata homa ya mbu, ile ya kutoka damu puani. Hospitali walifanya yao, wakamwambia Baba asubiri. Baba hakuwa mtu wa kusubiri. Alikata mti, akauchonga usiku na mchana uani, na mimi kutoka kitandani nilikuwa nasikia tezo lake: ta, ta, ta. Hadi leo nikisikia mtu anachonga kitu, mwili unapoa kama homa inashuka. Siku ya kulipeleka, Inson alinibeba mgongoni. Nakumbuka shati lake lilivyonuka jasho na manjano. Nakumbuka Baba akipanda ngazi, akiigonga panda ya gongo juu kwa nyundo mpaka ikakaza kabisa kwenye tawi, huku watu wakimwambia, "Inatosha, Bwana, ni la heri tu, si la kujengea," naye akijibu kwamba la binti yake lazima lishike kweli. Magongo ya wengine yaliegemezwa tu. La Baba lilikazwa. Kisha akaandika jina langu kwa rangi nyeupe.

Nikapona. Ningebishana na nani?

Baba hayupo sasa. Hati ya kiwanja ina jina la Inson, kwa kuwa ndiye mkubwa. Ufagio uko mkononi mwangu, kwa kuwa ndiye ninayeishi hapa. Mambo yalikwenda hivyo vizuri tu, hadi dhoruba ya mwezi uliopita ilipovunja tawi dogo, kama paja la mtu mzima, likaangukia paa la gari la shule. Gari lilikuwa tupu. Dereva alikuwa amekaa kwa Bibi Khampaeng anakula tambi, na alicheka mpaka mchuzi ukampalia. Mkewe alipokuja kuliona paa hakucheka. Mimi nikaenda ndani kusoma sheria.

Diploma yangu ni ya uhasibu, lakini kusoma najua. Sheria yetu ya madai inasema nyumba mbovu ikimwumiza mtu, anayeikalia anawajibika. Akionyesha kwamba alichukua tahadhari ipasavyo, mzigo unahamia kwa mwenye mali. Halafu mwishoni kuna kifungu kidogo ambacho nilikisoma nimesimama: hayo yote yanahusu pia kasoro katika kupanda *au kutegemeza* miti. Neno ni hilo hilo, kham. Watu wa Bangkok walioandika sheria huenda waliwaza miti ya bustanini iliyofungwa kwenye fito. Mimi niliwaza ua wetu, wenye magongo mengi kuliko uzio.

Kwa hiyo nilimwita Daranee, mpima miti kutoka Chiang Mai, mwanamke mwembamba mwenye buti kubwa. Alianza kwa kuupigia mti magoti. Bibi Khampaeng akampa alama hapo hapo. Kisha akaugonga kwa nyundo ya mpira, akasikiliza, akachoma hapa na pale kwa kijiti cha chuma, akatazama juu kwa darubini, akapanda ngazi, akachora alama ya chaki kwenye tawi. Lakini muda mwingi hakuutazama mti hata kidogo. Alitazama chini. Nani anapita hapa? Nani anakaa? Asubuhi wako wangapi? Mvua ikianza wanakimbilia wapi?

"Wanakimbilia hapa hapa chini," nilimwambia.

"Mti ukianguka porini ni mti umeanguka," alisema. "Hatari ni mti na mtu kwa pamoja. Ukimwondoa mmoja, imekwisha. Kwa hiyo ama uwahamishe watu, ama upunguze tawi la njiani. Shina ni zima. Litaishi kuliko sisi."

"Na nisipofanya lolote?"

"Kabla sijaja, ungeweza kusema hukujua." Akafunga darubini yake. "Sasa unajua, Dada."

Kuwahamisha watu nilijaribu. Niliweka kamba, watoto wakairuka. Nilimwomba Bibi Khampaeng asogee upande wa pili. Akasema upande wa pili kuna jua na wateja wake si samaki wa kuanikwa. Ndipo nikamwita Muen, na kwa kuwa hati si yangu, nikampigia Inson simu. Akaja mbio, na kumbe amekuja kulikumbatia gongo.

"Hilo tawi halijaanguka kwa sababu Baba alilitegemeza," alisema sasa, akilipigapiga gongo. "Angalia! Limeshika. Miaka yote hii limeshika. Wewe unataka kuling'oa, halafu tawi likianguka utasema nini?"

"Siling'oi. Nataka kulikata tawi pamoja nalo."

"Ndiyo mbaya zaidi! Umekuwa mtu gani wewe? Baba alichubuka mikono kwa ajili yako."

Hapo alinigusa. Inson akaliona hilo, akalegeza mikono. Nikatumia nafasi hiyo.

"Tawi hili likimwangukia mtoto wa watu," nilisema, "wa kwanza kuulizwa ni mimi ninayekaa hapa. Nitawaambia nilimwita mpima miti, nikaweka kamba, nikamleta mkata miti, kaka yangu akasimama mbele ya gongo. Unajua mzigo unahamia kwa nani? Kwa mwenye hati."

"Unanitisha kwa sheria? Mimi ndugu yako?"

"Sikutishi. Nakusomea."

"Kaka Inson," Muen alisema kutoka juu ya gari, bila kuacha mbegu zake, "hakimu akikusomea hivyo utakimbia. Huyu dada yako anakusomea kwa upole."

"Nyamaza, Muen!" tulisema wote wawili.

Nilikwenda nikachukua ngazi, nikaiegemeza penye shina, mbali na mzigo wa tawi.

"Panda," nilimwambia Inson. "Sikuombi ukate chochote. Panda uweke mkono pale panda ya Baba inapolishika tawi. Ukishuka ukaniambia tuliache, nitamlipa Muen nauli yake arudi."

Alinitazama kutafuta mtego. Haukuwepo. Daranee alikuwa ameniambia kilichopo pale, na mimi nilishapanda mwenyewe asubuhi mapema, Ploi akiwa bado anasaka soksi. Sikutaka kumwambia Inson. Kuna mambo mtu akiambiwa anabisha, akigusa anaacha.

Akapanda polepole, suruali yake ya dukani ikishika vumbi. Alipofika juu aliisogelea panda. Kwa chini huoni, lakini gamba la tawi limeimeza panda ya Baba. Limefunga pande zote, kama midomo iliyobana kitu. Mahali Baba alipokaza kwa nyundo, tawi lilisuguana na gongo kila upepo ulipovuma, kidonda kikafunguka, maji yakaingia, ukungu ukafuata maji. Magongo yote yaliyoegemezwa kivivu hayakuudhuru mti. Lililokazwa kwa mapenzi ndilo lililoutoboa.

Inson aliingiza mkono. Ulipotoka ulikuwa na ungaunga wa kahawia, mlaini kama mkate uliolowa.

"Mkono umezama," alisema. Sauti yake ilikuwa ya miaka ile. "Phikun, mkono mzima umezama."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyemshikia ngazi. Walimwambia inatosha. Nilikukalisha pale kwenye mzizi, nikamshikia ngazi, na mimi nikamwambia, 'Kaza tena, Baba.'"

Hilo sikuwa nikilijua. Nilitazama mzizi. Bado upo, umelainishwa na makalio ya watu wanaosubiri tambi. Nikajiona pale, nimefungwa shuka la Mama, nikimtazama Baba akipiga nyundo dhidi ya mbingu nyeupe ya Aprili, na Inson, miguu kama fito, akipiga kelele kwamba akaze.

"Shuka, Kaka," nilisema. "Tawi liko juu ya njia, na saa za watoto kutoka shule zinafika."

Akashuka. Hakusema tukate, hakusema tuache. Alikwenda kwenye gari lake, akarudi na sinia la maua, mishumaa na maji ya harufu. Kumbe alikuwa nalo wakati wote. Mtu anakuja kugombana huku amebeba sinia la kuomba radhi. Ndiye kaka yangu huyo. Tulipiga magoti, tukauomba mti utusamehe. Bibi Khampaeng akazima moto, akaja kupiga magoti nasi, kisha bila kuambiwa akashika mpini mmoja wa sufuria.

"Nishikieni huku," aliwafokea watu wa Muen. "Au mnataka niimwage? Upande wa kivuli, si kule kwenye jua, jamani!"

Sufuria ikahama. Meza zikahama. Muen akafunga kamba mbili juu, akashuka, kisha akasimama akiufuta msumeno wa mkono kwa kanga ya shingoni.

"Mimi nitamaliza," alisema. "Lakini mti wa sali sianzi. Meno ya kwanza ni ya mwenye mti."

Inson akanyoosha mkono. Mkono ule ulikuwa bado na ungaunga. "Hati ina jina langu," alisema.

"Na gongo lina jina langu. Nipe huo msumeno."

Nilipanda. Kutoka juu niliona herufi za Baba, nyeupe yake imebaki kidogo tu kwenye nyufa, na jina langu likiwa nusu ndani ya gamba. Niliweka kiganja juu yake. Kisha nikauweka msumeno kwenye alama ya chaki aliyoichora Daranee, upande wa ndani wa kidonda, kwenye sehemu ya tawi iliyo nzima.

Chini yangu ngazi ilitulia. Inson ameishika kwa mikono miwili, ametazama juu.

"Vuta," alisema.

Nikavuta.