Mkono wa Mjomba

Mjomba hakuweza kupita kwenye meza ya leza bila kugusa skrubu za vioo. Ndiye aliyeniingiza kwenye maabara hii, akanifundisha kulenga mwanga kwa vidole: zungusha kioo kidogo, tazama skrini, zungusha tena. Leza yetu hutoa mwanga kwa mipigo mifupi mno. Kupepesa jicho ni uvivu mbele yake. Hata joto la mtu aliyesimama karibu linaiyumbisha.

Ndiyo maana nikaandika programu. Nyuma ya kila kioo kuna kijimota. Mwanga ukiyumba, kompyuta inaurudisha yenyewe.

Asubuhi hiyo tulisubiri wateja kutoka hospitali ya macho. Mkurugenzi alishasema: mwanga ukitulia mbele yao, programu inabaki; ukiyumba, vijimota ving'olewe, nami nitafute kibarua kwingine.

Ukayumba. Mstari wa mwanga kwenye skrini uliruka kama panzi. Nikakagua nyaya, nikakagua hesabu zangu, nikakaa, nikasimama. Ukatulia. Uliporuka tena, Mjomba alikuwa anajifuta vidole kwenye koti.

"Umegusa?"

"Kidogo tu. Kioo cha pili kilikuwa kinalalamika."

"Kilikwambia wewe? Mjomba, ukivuta huku, kompyuta inavuta kule. Mnagombania kioo kimoja."

"Basi iniachie. Mimi ndiye mkubwa."

Akacheka, na mimi nusura nicheke. Akaahidi kukaa mbali. Akaenda kujimiminia chai, akarudi kwa kupitia palepale mezani, na mkono ukanyooka wenyewe. Sidhani hata alijua.

Nikamwambia wateja wako getini, akawapokee. Alipotoka, nikafunga mlango kwa ufunguo.

Getini hapakuwa na mtu. Punde akarudi, akagonga.

"Wewe mtoto, fungua."

Nikarudi kwenye skrini.

"Fungua, nitakuchapa mbele za watu, na diploma yako hiyo."

Kila alipogonga, mstari ulitetemeka, na kila mara kompyuta iliunyoosha. Nilizunguka chumba kizima nikikunja vidole, macho kwenye skrini. Wateja walipofika walimkuta mlangoni, kikombe mkononi, akigombana na kitasa. Nikafungua. Mstari ulikuwa umelala kama uzi.

Programu imebaki. Mama hanipi pumziko kwa simu: "Mwombe mjomba wako radhi. Umemwaibisha, na kazi alikupa yeye."

Najua alinipa yeye. Tukila pamoja, namwona akizungusha kifuniko cha chumvi, huku kidogo, kule kidogo, nami nasukuma sahani pembeni.

Lakini radhi siombi.